Nchi Isiyopita Njano

Asiniulize mtu nilifikaje Tanurini. Nilifika. Miguu ilivimba na siku tatu nilikunywa uji mtupu, hayo yanatosha. Wasafiri wengi hutuchosha kwa mabonde waliyoyavuka kabla ya kutuambia walichokiona, na mimi kwa umri wangu sina muda wa kuchosha watu. Jina langu Mwatumu, na kwetu nilikuwa mtunza maabara wa shule ya wasichana kwa miaka ishirini na sita. Kazi yangu ilikuwa kuosha chupa, kuwasha majiko, na kuwagombeza wasichana walioandika daftarini joto ambalo hawakulipima. Nitaeleza basi nilichokiona, na nikikosa adabu mahali, mtanivumilia.

Watu wa Tanurini ni wahunzi na wafinyanzi, karibu nchi nzima. Kila mtaa una tanuri lake, na asubuhi kinachokuamsha ni mivukuto ikipuliza moto. Ni wakarimu mno. Hawaulizani hali, mtu akikutana nawe husema, "Unawakaje?" na jibu la adabu ni, "Kwa rangi yangu." Siku ya kwanza nilijibu, "Siwaki, nimechoka tu," wakacheka mpaka mmoja akaketi chini. Baadaye niliambiwa kwamba jibu lile, lingetoka kinywani mwa mwenyeji, lingempeleka mbele ya Baraza kushtakiwa.

Aliyepewa kazi ya kunitembeza alikuwa mkaguzi wa rangi, kijana wa miaka thelathini hivi aitwaye Nasibu, mpole, macho mekundu kwa moshi. Shingoni alining'iniza ubao mwembamba uliopakwa rangi kwa ngazi: chini kabisa nyekundu iliyofifia, kisha nyekundu kamili, kisha rangi ya chungwa, na juu kabisa njano kama kiini cha yai. Juu ya njano ulipigwa muhuri wa serikali, mkubwa, umejaa hadi ukingoni, ili pasibaki nafasi ya kupaka kitu kingine. Kazi yake ilikuwa kuzunguka karakana zote, kulinganisha chuma kilichomo motoni na ubao wake, na kuandika.

"Kila kitu kimeumbwa na mwanga wake, Bibi Mgeni," alinieleza. "Udongo una wekundu. Chuma kina rangi ya chungwa. Dhahabu ina njano, na njano ndiyo mwisho wa mwanga. Ndiyo maana ukoo wa dhahabu unatawala, ukoo wa chuma unafua, na ukoo wa udongo," hapo akasita kidogo kutafuta neno la heshima, "ukoo wa udongo wapo."

"Mbona leo nimeona chuma cha njano kwa yule mfua majembe?"

"Kimeazima. Sheria inaruhusu chuma kuazima hadi njano, maana bila hivyo jembe halifuliki. Mhunzi anainamisha kichwa, anaishukuru dhahabu, kisha anagonga."

"Na kikizidi njano?"

"Hakizidi."

"Nasibu, mwanangu, mimi nimekiona kikizidi. Kwetu kinakuwa cheupe."

Akatazama huku na huku, akanisogelea na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba neno lile halitajwi mbele za watu.

Siku zilizofuata nilipitishwa ofisi moja baada ya nyingine, na niseme kweli, sijaona watu wanaofanya kazi kwa bidii namna ile kuzuia kitu ambacho wanasema hakipo. Kuna idara ya jua, ambayo imetangaza kwamba jua la saa sita mchana ni la njano. Mtoto akilichora vinginevyo, mwalimu anamsahihisha. Kuhusu radi, Baraza lilijadiliana miaka miwili. Wengine walitaka ishtakiwe. Mwishowe ikasamehewa, kwa hoja kwamba haikai nchini muda wa kutosha kuhesabiwa mkazi. Nilisoma kumbukumbu za mjadala ule mwanzo hadi mwisho, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtu alicheka.

Ngoja niwaambie jambo ambalo msichana yeyote niliyewahi kumgombeza analijua. Kitu chochote ukikipasha moto, kiwe chuma, kiwe kigae, kiwe pete ya harusi, kwa joto lile lile kitawaka rangi ile ile. Rangi inakuambia joto, haikuambii ukoo. Udongo wa Tanurini ulikuwa haupiti wekundu kwa sababu sheria haikuuruhusu kupashwa zaidi, basi. Na dhahabu je? Dhahabu ikishafika njano, ukiongeza moto kidogo tu, haipandi tena. Inayeyuka, inatiririka kama samli. Siku nilipoliwaza hilo, nikiwa nimesimama mbele ya ubao wa Nasibu, nilijishika mdomo. Makubwa haya! Nchi nzima ilikatazwa kupanda juu ya pale ambapo watawala wake wangeyeyuka.

Ningelicheka jambo hilo hadi leo, kama nisingekutana na Kidawa.

Kidawa alikuwa mhunzi wa ukingoni mwa Korongo, mwanamke wa makamo, mikono minene, maneno machache. Korongo ni ufa mrefu uliougawa mji. Ng'ambo ya pili wanakaa watu wa udongo na ndiko yaliko machimbo yao. Hakuna daraja. Watu wanavuka ndani ya tenga linaloning'inia kwenye mnyororo wa pete mia na arobaini, na huvutwa kwa kamba. Kila pete ilitengenezwa kwa njia ya halali: unakunja nondo, unalaza ncha moja juu ya nyingine, unazibana kwa msumari. Ili ncha mbili za chuma ziungane ziwe kitu kimoja, lazima moto uipite njano, na hilo haliwezekani kisheria. Kwa hiyo misumari ililegea, ikakazwa, ikalegea tena. Mvua za mwaka jana pete moja ilifunguka. Tenga lilianguka na watu wanne, na mmoja wao alikuwa Mize, mdogo wake Kidawa.

Baada ya mazishi Kidawa alifunga gunia mlangoni mwa karakana yake, akavukuta. Alivukuta hadi chuma kikapita njano, kikawa cheupe, kikaanza kutoa cheche, akaiunga pete mpya ikawa haina mwanzo wala mwisho. Akaipandisha kwenye mnyororo. Lakini gunia lilikuwa na tundu, na Nasibu alikuwa anapita. Alichungulia. Machozi yalimtoka siku mbili kwa ukali wa mwanga ule. Naye kwa kuwa ni mkweli, aliandika alichokiona, na Kidawa akashtakiwa.

Nilimkuta akisubiri kesi, ameketi nje ya karakana, akichonga mpini wa nyundo.

"Watakufanya nini?" nikamuuliza.

"Watanizimia moto. Wa karakana na wa jikoni, na hakuna atakayeruhusiwa kunipa kaa la moto hadi nife." Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya chumvi. "Na pete wataikata, warudishe ya msumari. Bi Mwatumu, moto wauzime wakitaka, nitakula viazi vibichi. Ile pete wasiiguse. Mume wangu anavuka pale kila siku kwenda kufinyanga. Nilimzika Mize. Shaibu simziki kwa ajili ya rangi."

Mumewe ni mtu wa udongo; waliwahi kusemwa sana kwa ndoa hiyo. Alipita wakati tunaongea, amebeba vyungu vinne mgongoni, akatusalimu, akapanda tenga. Kidawa aliacha kuchonga hadi mumewe alipofika ng'ambo.

Kesi ilisikilizwa asubuhi, katika ukumbi wenye tanuri la sherehe ambalo nasikia halikuwa limewashwa kwa miaka kumi na mmoja. Aliyeketi mbele ni Mheshimiwa Haidari, Mpima Mwanga Mkuu, mzee wa ukoo wa dhahabu, joho la njano, sauti ya kubembeleza. Pembeni yake wajumbe wawili ambao sikuwahi kuyajua majina yao, kwa kuwa hata wao walitajana kwa vyeo. Nasibu alisoma taarifa yake. Alipofika kwenye lile neno, alilikohoa badala ya kulisema.

"Fundi Kidawa," akasema Mheshimiwa, "ulikuwa na haja gani?"

"Chuma hakiungani kwa njano, Mheshimiwa. Nimejaribu. Kinagusana tu."

"Basi kama hakiungani kwa njano, si asili yake kuungana. Mbona unakilazimisha?"

"Watu wanne walikufa."

"Walikufa kwa njia ya kawaida," mjumbe mmoja akaingilia. "Pete ile ilikaguliwa. Msumari wake ulikuwa wa halali kabisa."

Kwa bahati, wana desturi kwamba katika kila kesi mgeni aliyepo hupewa swali moja. Hawatarajii kujifunza kitu. Mgeni anauliza upuuzi, baraza linacheka, mioyo inalainika, kisha hukumu inasomwa. Nilipoitwa nilisimama kwa hasira.

"Waheshimiwa, mimi mgeni sijui kitu, naomba kuonyeshwa. Chukueni ule muhuri wa dhahabu ulioko shingoni mwa Mheshimiwa, na kipande cha chuma, na kigae cha chungu, vya ukubwa mmoja. Viingie katika tanuri moja. Mheshimiwa achungulie, atuambie dhahabu ni ipi. Kama kila kitu kina mwanga wake, si itakuwa kazi nyepesi?"

Walicheka kweli kweli, na Mheshimiwa alicheka kuliko wote, akauvua muhuri shingoni kwa furaha. Alikuwa anaamini, maskini. Maisha yake yote hakuwahi kuchungulia tanuri. Walio chini yake ndio waliochungulia, wakamletea taarifa. "Lakini moto uwe wa njano tu," akaongeza. "Usizidi."

Hapo pakatokea tatizo. Ukumbi mzima ulijaa maofisa wa moto, na hakuna hata mmoja aliyejua kuvukuta. Mhunzi alikuwepo mmoja tu, naye ni mshtakiwa. Wakamfungua mikono.

Nasibu aliweka vile vitu vitatu ndani, yeye peke yake akijua kipi kiko wapi, akafunga mlango wa tanuri. Kikabaki kitundu cha upana wa kidole gumba. Kidawa akashika mpini wa mvukuto. Alivukuta bila haraka. Wekundu ukaja, ukapita. Rangi ya chungwa ikaja, ikapita. Kitundu kikawa njano tupu, naye akapunguza mkono, akaushikilia moto pale pale.

Mheshimiwa akachungulia. Alikaa muda mrefu ameinama. Nilijua anachokiona, kwa sababu nami nimewahi kukiona: hakuna kitu. Ndani ya tanuri lililokolea, vitu na kuta vina mwanga mmoja, hata kingo zake huzioni. Ni kama watu waliovaa kanzu moja kwenye ukungu.

"Naona mwanga," akasema.

"Dhahabu iko wapi, Mheshimiwa?" Nasibu akauliza kwa unyenyekevu, kalamu mkononi.

"Katikati."

Nasibu akafungua, akaingiza koleo, akatoa cha katikati. Kilikuwa kigae cha chungu.

Wajumbe wakateta. Mmoja akasema dhahabu ina staha, haiwezi kujionyesha mbele ya mshtakiwa. Mwingine akataka kigae kiwekwe mahabusu kwa kujifanya dhahabu. Yote mawili yaliandikwa. Ikaamuliwa jaribio lirudiwe. Nasibu akavirudisha vitu vyote na kuvichanganya upya, na Mheshimiwa akainama tena, jasho linamtiririka hadi kwenye joho.

Ndipo Kidawa aliposema, "Mheshimiwa, hakuna haja ya kubahatisha. Nikiongeza pumzi kumi, dhahabu itajionyesha yenyewe."

Mheshimiwa akainua kichwa. Kuna vitu mtu wa ukoo ule anafundishwa akiwa mdogo na haviandikwi popote, na nikaona usoni mwake kwamba hiki alifundishwa.

"Usiongeze," akasema.

"Kwa nini? Si ndiyo yenye mwanga mkubwa?" Akavukuta moja.

"Fundi, usiongeze."

Akavukuta ya pili. Kitundu kikang'aa zaidi.

"Nakuomba, mwanangu."

Ukumbi mzima ulisikia. Mpima Mwanga Mkuu alikuwa anamwomba mwanamke wa ukoo wa chuma, tena amemwita mwanangu. Nilikuwa nasema moyoni, vukuta! Vukuta mama, itiririke, waione wote kwa macho yao! Nilitaka jambo lile kuliko nilivyotaka chakula. Kidawa alinitazama, kisha akamtazama mzee.

"Pete yangu isiguswe," akasema.

"Haitaguswa."

Akauachia mpini. Moto ukapoa, na mimi nikaketi chini nikiwa nimeumia rohoni.

Hukumu ilisomwa baada ya saa moja, na ninainakili hapa kwa ufupi. Baraza limeona kwamba mwanga unaodaiwa haupo, na kisichopo hakiwezi kutengenezwa. Kwa hiyo moto ulioiunga pete ya Kidawa ulikuwa wa njano. Macho ya mkaguzi Nasibu yaliona vinginevyo kwa uchovu, na amepewa siku tatu za mapumziko. Pete ibaki ilipo. Mshtakiwa atie dole gumba kuthibitisha kwamba moto wake ulikuwa wa njano na si rangi nyingine yoyote. Kidawa akachovya kidole kwenye wino, akatia. Mimi nilitoka bila kumuaga. Nilijiambia kwamba mwanamke yule alikuwa na ukweli mkononi, ameshika mpini wake, akaubadilisha kwa kipande cha chuma.

Siku ya nne akanitumia salamu kwamba ananihitaji. Nilikwenda, mdomo nimeuvuta.

Karakana ilikuwa wazi, gunia limeondolewa, mlango umeegeshwa kwa jiwe. Chini zilipangwa nondo nyingi zilizokwisha kukunjwa. Nasibu alikuwepo, ametoka mapumzikoni, ubao shingoni, anaonekana hajui aweke wapi mikono.

"Umekuja kuniaga au kunigombeza?" Kidawa akauliza.

"Kukugombeza."

"Haya, gombeza, lakini sogea huko usiungue."

Akaanza kuvukuta. Nilimgombeza kweli. Nilimwambia aliwaachia waongo, kwamba kesho na keshokutwa watoto watafundishwa uongo ule ule na chini yake pana dole lake. Chuma kikapita wekundu, kikapita rangi ya chungwa, kikafika njano, naye hakuinamisha kichwa. Kikaipita. Kiliwaka cheupe mbele ya mkaguzi, mchana kweupe, mlango wazi, cheche zinaruka.

Nasibu akafumbua mdomo. Kidawa akachomoa karatasi kwenye aproni yake ya ngozi na kumpa bila kuacha kuvukuta. Ilikuwa nakala ya hukumu, na muhuri wa dhahabu chini yake.

"Soma hapo kwenye moto," akamwambia. "Ulioiunga pete yangu ulikuwa wa rangi gani?"

"Njano," Nasibu akasoma.

"Huu ndio moto wenyewe. Zimebaki pete mia na thelathini na tisa."

Nasibu aliitazama karatasi, akautazama moto, machozi yakaanza kumtoka. Akafungua daftari lake, akaandika polepole: njano. Kisha akanigeukia. Sheria yao inataka kila pete ya mnyororo inayofuliwa mbele ya mkaguzi iwe na shahidi asiye wa ukoo wa fundi, na nyundo haishuki kabla shahidi hajatia saini. Akanipa kalamu.

"Bibi Mgeni, umeona rangi gani?"

Sijapata kuona kitu cheupe namna ile, wala sidhani nitaona tena. Huko ng'ambo Shaibu alikuwa ameshafika na vyungu vyake, amesimama kando ya tenga akisubiri aambiwe avuke. Nilisimama na kalamu kama msichana asiyejua jibu.

"Bi Mwatumu," Kidawa akasema, nyundo imeinuliwa, "chuma kinapoa."

Nikaandika njano, kwa herufi kubwa, nikatia saini, naye akagonga.